Ukocha Si Adhabu, Mdogo Wangu

Njoo ukae hapa karibu, mdogo wangu. Tua huo mkoba wa raketi, hakuna anayekufukuza. Leo nazungumza na mmoja wenu aliyeniandikia kutoka huku kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, na najua wengi mtajiona ndani ya maneno haya, hata kama mlicheza kandanda au voliboli wala hamjawahi kushika raketi.

Kijana huyu alianza kwa kuokota mipira klabuni. Jioni wakubwa wakishaondoka alikuwa akiachiwa raketi kuukuu apige ukuta, mkono ukakubali, na baada ya miaka michache akawa anawafunga wale wale waliokuwa wakimtuma maji. Akafika Nairobi. Akavuka mpaka mara chache, akacheza Kampala na Kigali, akaonja mashindano ya kulipwa, akashinda kidogo, akafungwa sana. Pesa zikakata. Sasa yuko nyumbani. Shule moja ya msingi imemwomba awafundishe watoto, na mkubwa mmoja wa mchezo amemdokeza kwamba akiisomea kazi hiyo kwa bidii, ipo siku atafikiriwa kusaidia timu ya taifa ya chipukizi. Badala ya kufurahi, ananiambia usingizi umemruka. Anaogopa watu watasema, "Si alishindwa kucheza? Ndiyo maana anafundisha."

Haya. Pole kwanza, na pole yangu ni ya kweli. Kuacha kitu ulichokipenda tangu utotoni ni msiba, na huku kwetu tuna matanga ya mtu tu, hatuna matanga ya ndoto. Ndiyo maana ukinuna watu wanasema una kiburi, ukijifungia ndani wanasema umerogwa. Lia, mdogo wangu. Mtafute mtu unayemwamini umsimulie zile mechi zote zinazokurudia usiku, hata ule mpira uliogusa wavu ukaangukia upande wako ulipokuwa umebakiza pointi moja tu. Ukimaliza, nawa uso urudi hapa, maana lipo jambo nitakalokukemea.

Jambo lenyewe ni hesabu zako. Umejipima kwa kipimo cha watu ambao hawajui tenisi ilivyo.

Mchukue Paul Wekesa. Wekesa, jina ambalo ukiliita kwa sauti sokoni Chwele siku ya soko watageuka wanaume wengi. Mwaka 1989 alitwaa taji la wawili wawili mjini Seoul, Korea Kusini, akiwa na Mmarekani Scott Davis. Mwaka 1995 akafika nafasi ya 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja, na mpaka leo hakuna mwanamume Mkenya aliyepanda juu ya hapo. Nafasi ya 100 duniani kote! Lakini hebu simama kituo cha matatu pale Kitale uwaulize vijana ni nani kati yao anamjua. Sasa kama mtu wa nafasi ya 100 husahauliwa hivyo na watu wake, wewe unayekosa usingizi kwa sababu hukufika hata 500, unamwogopa nani? Hao unaodhani wanakucheka hawajui ulikuwa nafasi ya ngapi. Wanajua tu kwamba ulikuwa ukipanda ndege.

Na huko juu si kama tunavyodhani. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lilipopiga hesabu za mwaka 2013 lilikuta wachezaji karibu 14,000 walioingia mashindano ya kulipwa, na karibu nusu yao hawakupata hata senti moja ya zawadi. Mwanamume alihitaji kuwa karibu na nafasi ya 336 ndipo mapato yake yatoshe nauli, malazi na chakula. Mwanamke, nafasi ya 253. Hapo kocha hajalipwa. Na wewe ulikuwa unatokea Kitale, mashindano mengi ya ngazi yako barani Afrika yako Tunisia na Misri, na nauli inatoka kwenye magunia ya mahindi ya baba. Mdogo wangu, hukushindwa kwa uvivu. Ulifika ukingoni mwa uwezo wa mfuko wa nyumba yenu. Wapo waliokuwa na mkono mzuri kuliko wako ambao hawakuvuka hata Webuye.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ulikubali uwanjani, ukawa unakwenda wavuni ukampa mwenzako mkono hata kama moyo unawaka. Kubali na hapa.

Sasa nikupe mfano wa mbali kidogo, kwa sababu naona utakufaa kuliko wa mabingwa. Uskoti kuna mama anaitwa Judy Murray. Ujanani alikuwa mkali wa kwao, akakusanya mataji 64 ya Uskoti, ya chipukizi na ya wakubwa. Kwao alikuwa hashikiki. Alipotoka nje hakufika mbali. Miaka ya 1970 alijaribu kuzunguka na mashindano, akaibiwa mkoba ndani ya basi mjini Barcelona, baba yake akaona imetosha, binti arudi nyumbani akasome. Hivyo tu, ikaisha. Fikiria uchungu wa msichana yule, kusimamishwa na mwizi wa mkoba!

Akasoma, akaolewa, akazaa wavulana wawili, na kazi ya kufundisha akaianza kwa kujitolea klabuni Dunblane, mji mdogo wenye mvua nyingi, akiwa na watoto wake na wa majirani. Hakuna aliyempigia makofi. Mwaka 1995 ndipo alipokabidhiwa ukocha wa taifa wa Uskoti. Kutokana na kile kikundi chake cha watoto wa mwanzo walitoka wanne waliokuja kuichezea Uingereza katika Davis Cup, mashindano ya timu za taifa za wanaume: wanawe Andy na Jamie, kisha Colin Fleming na Jamie Baker. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa 2011 hadi 2016, mwenyewe akawa nahodha wa timu ya wanawake ya Uingereza katika Fed Cup.

Najua umeshakimbilia mataji ya Wimbledon ya Andy, la 2013 na la 2016. Rudi. Mimi nataka umtazame kijana mwingine aliyepita mikononi mwa mama huyo, Leon Smith. Huyu hakuwa mchezaji wa kutajwa popote. Judy alimchukua akamfundisha kufundisha, akampa Andy akiwa bado mtoto amlee, na mwaka 2010 Leon Smith akafanywa nahodha wa Uingereza katika Davis Cup. Mwaka 2015 walilitwaa kombe lile. Mtu ambaye hakuwa na jina kabisa! Sasa niambie tena kwamba ukocha ni wa walioshindwa, nisikie.

Lakini usiondoke hapa ukirukaruka, kwa maana nina maonyo, na la kwanza ndilo linaloniuma zaidi.

Mchezaji aliyeumia akiwa kocha, hatari yake ni kumbebesha mtoto deni lake. Nimewaona. Mtoto ana miaka minane, amepiga mpira nje, na mtu mzima pembeni anafoka kana kwamba ng'ombe wameingia shambani. Kelele ile si ya mtoto. Ni ya mechi iliyopotea Kampala zamani, mtoto anailipia riba. Ukijikuta unaumwa na tumbo mtoto anapofungwa, ukijikuta humsemeshi njia nzima kutoka Kiminini hadi nyumbani kwa sababu amekosea sevu, jua kwamba hufundishi tena. Unacheza kwa kutumia mwili wa mtoto wa watu. Na watoto wana macho. Hawatakujibu, watakuja tu siku moja wakwambie goti linauma, na wiki ifuatayo hawaji.

Mtazame mchezaji wetu Angella Okutoyi, uone kazi ya kocha inaishia wapi. Yeye na pacha wake Roselida mama yao aliaga wakiwa wachanga, wakalelewa na nyanya yao aliyekuwa mfanyakazi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi, na hapo hapo shuleni ndipo mtoto alipoiona tenisi. Katika waliomlea mchezoni yumo kocha Francis Rogoi, jina ambalo wapenda tenisi wa Kenya wanalijua na wengine hawalijui kabisa. Januari 2022 Angella alifika raundi ya tatu ya wasichana kwenye Australian Open. Julai mwaka huo huo, Wimbledon, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alitwaa taji la wasichana wawili wawili. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, ikaja taibreki ya kuamua, wakaishinda 11-9. Pointi mbili! Machi 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra.

Katika fainali ile ya Wimbledon hakuna kocha wake hata mmoja aliyepiga mpira. Kazi ya kocha inakwisha mtoto anapoingia uwanjani, na hapo ndipo moyo wa mchezaji wa zamani unapotapatapa, maana mguu wako unajua pa kwenda na mwenye kwenda si wewe. Lazima ujifunze kukaa kwenye benchi ukafunga mdomo. Kama huwezi kumpenda mtoto akifungwa 6-0, 6-0 mbele ya wazazi wake, basi nakuomba, mdogo wangu, usiichukue kazi hii. Nasema kwa upendo.

Onyo la pili ni darasa. Wewe unadhani kwa kuwa mkono wako unajua, mdomo wako pia unajua. Haujui. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, ndiyo, lakini na unahodha wenyewe unasomewa. Tafuta kozi za ukocha za ITF zinazoletwa kupitia chama chetu, Tennis Kenya, anza ngazi ya chini kabisa, ukae na watu ambao ungewafunga huku umefumba jicho moja, na uandike kwenye daftari kama wao. Nafasi ya kusaidia timu ya taifa hawapewi wenye hadithi, wanapewa wenye cheti na kazi inayoonekana.

Nikuonyeshe unachokikosa. Tangu 2012 sheria za mchezo zinataka watoto wa chini ya miaka kumi katika mashindano watumie mipira ya polepole: mwekundu, ule laini kabisa, wa rangi ya machungwa, kisha wa kijani, ambao umekaribia wa kawaida. Mpira wa manjano unampita mtoto juu ya kichwa, anapiga akiwa amejikunja, anazoea vibaya, na miaka kumi baadaye kocha mwingine anahangaika kumnyoosha. Na huku kwetu ni zaidi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali na kudunda juu kuliko Mombasa. Sheria za ITF zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, nasi wote tuko juu ya hapo. Ulijua? Ulipokwenda pwani ukawa unaupiga kwenye wavu ukidhani umelogwa, kumbe hukuwa umeambiwa. Basi wewe uwe wa kuwaambia. Mtoto wako wa Kitale akishuka Mombasa ajue mapema kwamba mpira utakuja chini na hautabebwa na hewa, apige magoti.

Uwanja usikusumbue. Shule haina uwanja wa tenisi, najua, ina kiwanja cha vumbi na ng'ombe wa jirani. Funga kamba ya kuanikia nguo kati ya miti miwili, ifike kiunoni mwa mtoto, chora mistari kwa majivu. Watoto wanane, mipira laini kumi, na raketi nne wakipokezana, hiyo ni akademia tosha kwa muhula wa kwanza. Fanyeni asubuhi, kwa sababu kuanzia Aprili mvua ya alasiri haitakuuliza ratiba. Wakati wa kupanda na wa kuvuna mahindi wengine hawatakuja, usiwafukuze. Na kama uko upande wa Bungoma, Agosti ya mwaka wa shufwa wavulana wako kwenye tohara. Ukipanga mashindano mwezi huo utacheza peke yako, na wazee watakuona mtu asiye na kwao.

Hata wasichana, nakuomba, wahesabu vizuri. Huku mtoto wa kike akirudi shuleni anasubiriwa na mtungi, kuni na mdogo wake wa mgongoni. Asipokuja mazoezini usiseme hana moyo. Nenda nyumbani kwao, ukae, unywe chai utakayopewa, umweleze mama yake unataka nini na mtoto atarudi saa ngapi, kisha mrudishe saa hiyo hiyo. Tunaye Rosemary Owino, aliyeichezea Kenya na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa, mpaka akakabidhiwa timu ya wanaume ya Davis Cup. Wasimulie wazazi habari zake. Mama mmoja akijua kwamba mwanamke Mkenya aliwahi kuwaongoza wanaume wa taifa, atamwachia binti jioni mbili kwa wiki.

Onyo la tatu nitalisema kwa sauti ya chini lakini ulisikie vizuri. Mikononi mwako wanawekwa watoto wa watu. Usiwe peke yako na mtoto mmoja chumbani, kwenye gari, wala hotelini mnaposafiri. Usimtumie mtoto ujumbe wa simu usiku. Ukiwa na neno, mwandikie mzazi. Pesa ya nauli ya timu iandikwe, ishuhudiwe, risiti zitunzwe hata ya maandazi. Wako watu waliojua tenisi kuliko wewe na mimi, na leo majina yao hayatajwi mbele ya wazazi, na hawakuangushwa na kukosa kipaji. Ukiitwa siku moja timu ya taifa, hayo ndiyo yatakayoulizwa kwanza kabla ya sevu yako.

Halafu mshahara. Najua ndio unaokunyima raha zaidi kuliko aibu, ila umeona haya kuandika. Mwanzoni utakuwa mdogo, na wa timu ya taifa, ukija, mara nyingi unakuja kwa vipindi, si kila mwezi. Kwa hiyo usiache shamba. Lima ekari yako, fundisha watu wazima klabuni asubuhi wanaolipa, nyuzi za raketi zifunge mwenyewe uwatoze. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ila watoto wa ile shule usiwaachie mabaki ya nguvu zako, wape saa zako nzuri.

Turudi kwa hao watu na maneno yao, maana najua bado yanakuwasha. Watasema. Wiki ya kwanza utapita na fuko la mipira midogo ya rangi, kijana mmoja pale stendi atacheka. Wewe msalimie upite. Akikuuliza kama umeacha kucheza mwambie ndiyo, nimeacha, sasa ninafundisha. Liseme hivyo hivyo, bila kuongeza hadithi ya goti lililoumia wala ya mfadhili aliyekuhadaa, hata kama ni kweli. Ukianza kujitetea, umemkabidhi fimbo. Ukilisema kwa utulivu, atauliza swali la pili, na mara nyingi swali la pili huwa, "Na mdogo wangu naye unaweza kumchukua?"

Mengine yatakushinda. Kipo kipaji kitakachokuja kwako kikachukuliwa na shule kubwa ya Nairobi, na siku atakapovaa jezi ya taifa jina lako halitatajwa kwenye taarifa. Utaumia, na una haki ya kuumia. Lakini mtoto anajua nani alimfungia ile kamba kati ya miti miwili, na makocha wenzako wanajua, na hivyo ndivyo majina ya makocha husafiri katika nchi hii, mdomo kwa mdomo, mpaka siku moja simu inalia.

Umeniuliza uichukue kazi au usiichukue. Ichukue. Mwalimu mkuu anangoja jibu lako na muhula unafunguliwa karibuni; mpigie leo kabla ya jua kuzama, umwambie Jumatatu utafika, na umwombe ruhusa ya ile miti miwili.